Muulize Fundi: Mercedes ya dizeli imegoma kwenye baridi ya Winnipeg

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni kijana wa Kigoma, niko Winnipeg, Kanada, winta yangu ya pili hii. Mwezi wa kumi nimenunua Mercedes 300D ya 1983 kwa mzee mmoja wa huku, bodi safi, bei ya kutupa. Sasa juzi imepiga -31, nikipiga selfu inazunguka kichovu, moshi mweupe kidogo kwenye ekzosi halafu basi. Betri nimeweka mpya, wapi! Jirani kanipa kopo la etha, ile dawa ya kupuliza inayoshika moto haraka, eti nipulizie kwenye njia ya hewa. Nipulizie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo kopo mrudishie mwenyewe leo leo. Dizeli ya zamani kama yako ina hita plagi ndani ya silinda, vijiti vya umeme vya kupasha moto kabla ya kuwasha, zikiwa nyekundu halafu etha iingie inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni bado inapanda, hapo unavunja ringi au unapinda konrodi na bei ya kutupa inageuka gari la kutupa.

Halafu umenisaidia bila kujua, kwenye huo moshi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui. Ungekuwa hauoni moshi kabisa ningesema mafuta yameganda njiani. Injini hiyo haina cheche, inakandamiza hewa karibu mara 21 mpaka inakuwa ya moto dizeli ijiwashe yenyewe, sasa chuma chote kikiwa -31 kinanyonya lile joto, ndo maana kuna hita plagi 5, na mbili tu zikifa baridi kama hiyo haiwaki ng'o. Anza na fyuzi ya bati ya ampea 80 kwenye rilei ya hita, ile swichi inayopeleka umeme kwenye plagi, huwa inapasuka ufa mdogo watu wanapita nayo tu. Kisha chomoa waya za plagi, pima moja moja kwa mita: nzima inasoma chini ya ohm 1, iliyokufa haisomi kitu.

Kuzunguka kichovu ni oili. Kama mzee aliweka 15W-40, kwenye baridi hiyo inakuwa kama uji wa dona uliolala, na betri hata mpya nguvu zake zinapungua sana chini ya sifuri. Mwaga, weka sintetiki 5W-40 au 0W-40.

Sasa chungulia mbele kwenye grili. Gari limekaa Winnipeg miaka yote hiyo, nina uhakika kuna waya wa umeme unaning'inia, ni wa hita ya bloku, inapasha maji ya injini. Si umeona soketi kwenye maparking huko ukadhani ni za magari ya umeme? Chomeka masaa matatu kabla ya safari, nunua na taima usiamke usiku. Asubuhi washa swichi, taa ya hita ikizima usikimbilie selfu, rilei bado inapasha, hesabu kama ishirini hivi, kanyaga mafuta mpaka chini ndo upige, na ikianza kukohoa usiachie, shikilia mpaka ishike. Ikigoma nusu dakika pumzisha selfu.

Kitu kimoja zaidi, mafuta uliyonunua mwezi wa kumi usikae nayo mpaka Januari. Dizeli ya winta imechanganywa tofauti, ile ya kiangazi inatoa nta inaziba filta. Gari yako ina filta ndogo ya plastiki unayoona ndani, ukikuta ukungu mweupe hapo, dawa ya kuzuia kuganda haisaidii tena, hiyo inawekwa kabla. Vuta gari gereji yenye joto, badilisha filta zote mbili.

SWALI: Fundi, si bora niiache inanguruma usiku kucha nisipate shida asubuhi? (Huyu ni yule yule, kaandika tena.)

JIBU: Hapana bwana. Dizeli isiyobeba mzigo haipati joto la maana, utachoma mafuta usiku mzima na kuwakera majirani, akiwemo huyo wa kopo. Chomeka waya. Ukiwa barabarani ziba nusu ya rejeta kwa kipande cha boksi, Wakanada wengi wanafanya hivyo, ila macho kwenye geji ya joto.