Fundi wa Mwanjelwa anauliza: elektroni zinatokaje kwenye chuma cha baridi?

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi fundi TV hapa Mwanjelwa, Mbeya, bado naletewa TV za chogo na nyingi hita ya tyubu imekufa. Nimesikia kuna kathodi (ile sehemu ya tyubu inayotoa elektroni) zisizotumia hita kabisa, zinafanyaje kazi na naweza kufunga moja kwenye chogo?

JIBU: Marahaba fundi. Hita unayoijua inakula volti 6.3 na kuchemsha kathodi mpaka kama nyuzi 800 hivi, elektroni zikishapata joto zinaruka nje. Ya baridi haichemshi kitu, inazivuta elektroni kwa umeme mkali mno mpaka ule ukuta unaozizuia zisitoke kwenye chuma unakuwa mwembamba na zinapenya, yani badala ya kupanda Loleza mpaka kileleni unatoboa mlima unatokea ng'ambo. Wanafizikia Fowler na Nordheim waliipigia hesabu mwaka 1928.

Shida inahitaji volti bilioni kadhaa kwa mita, kwa sahani mbili bapa zilizoachana milimita 1 hizo ni volti milioni kadhaa, nani atazitoa? Ndo maana wanatumia ncha kali, umeme unajikusanya pale nchani. Mwaka 1968 Spindt wa Marekani alionyesha vikoni vidogo sana vya metali ya molibdeni, kila kimoja kimezungukwa na geti, yani kipande cha metali kinachovuta elektroni, lenye tundu la kama mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na hapo volti 100 mpaka 300 zinatosha. Mi naipenda sana hii kazi, unapata elektroni papo hapo bila kusubiri kitu kipate moto.

Ila ncha hizo zinadeka. Hewa kidogo ikibaki ndani, elektroni zinaigonga inageuka ioni, yani chembe zenye chaji, ioni zinarudi kuipiga ncha mpaka inaharibika. Halafu volti ikipanda kidogo tu mkondo unapanda mara nyingi, kwahiyo ncha iliyo kali kuliko wenzake inabeba mzigo wote inayeyuka na kupiga shoti na geti, ndo maana wanaweka rezista chini yake kuubana mkondo. TV za hivyo zilijaribiwa, LCD ikazishinda bei. Leo utazikuta kathodi za baridi kwenye hadubini za elektroni, zile zina sindano ya tungsteni.

Kwenye chogo huwezi kufunga fundi, ukifungua tyubu hewa imeingia na hiyo tyubu imekufa. Kama hita inawaka ila picha imefifia, kupandisha volti za hita kidogo kunaweza kuisogeza kwa muda, ila waya ukishakatika tafuta tyubu nyingine. Na tafadhali sana, toa kwanza chaji ya anodi, ile sehemu ya tyubu inayopewa volti kubwa, kabla hujagusa, inaweza kubaki na maelfu ya volti hata TV ikiwa imezimwa.