Kabati la Gemu la Zamani Lifufuliwe Bila Kuvunjwa

SWALI

Assalaamu alaykum, Fundi. Mimi ni msomaji wako wa Jang'ombe, Unguja. Miezi miwili iliyopita hoteli moja ya pwani ilikuwa ikiondoa vyombo vyake vya zamani, nami nikanunua mashine ya gemu ya sarafu, ile ya kusimama, yenye kabati la mbao, fimbo mbili za kuchezea na vitufe vitatu kwa kila mchezaji. Kioo chake ni cha chogo, inchi 19, nacho kimelala kwa upana kama televisheni. Nyuma pana kibandiko kinachoonyesha volti 120. Miguu ya kabati imevimba kwa maji, na ndani mna harufu ya ukungu. Bado sijaiwasha. Kijana wangu, anayesomea kompyuta, anataka tung'oe bodi na kioo, tutie flati na kompyuta ndogo ili tupate gemu nyingi katika mashine moja. Jirani yetu seremala naye anasema tutupe kabati lote, atatuchongea jipya. Moyo wangu unakataa yote mawili, lakini sina hoja ya kuwajibu. Tufanye nini, na je, kazi hii ina hatari?

Msomaji, Jang'ombe

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nakushukuru kwanza kwa kutoiwasha, kwa sababu mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye soketi zetu za volti 230 huungua kabla hujauondoa mkono kwenye swichi. Moyo wako umekuongoza vyema. Gemu nyingi unaweza kuzipata bila kukata ubao hata mmoja wala kutupa kioo, na kanuni ninayokuomba uishike tangu siku ya kwanza ni kwamba kila unachokibadilisha kiweze kurudishwa kama kilivyokuwa. Flati unaweza kuinunua mwaka wowote. Kioo cha chogo cha mashine hizi hakitengenezwi tena, na kikishavunjwa ndiyo basi.

Nianze na hatari, kwa kuwa ipo na ni kubwa. Miaka mingi nimetengeneza televisheni za chogo, na hadi leo kila ninapofungua mgongo wa moja ninafanya taratibu kama mwanafunzi. Kioo cha aina hii, kikiwa kinafanya kazi, hubeba volti 20,000 hivi mahali penye ile kofia ya mpira iliyogandamana na chogo, na umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuutoa kunahitaji bisibisi bapa yenye mpini mrefu wa plastiki, iliyounganishwa kwa waya na ule msuko wa waya unaozunguka mgongo wa kioo. Ncha yake huingizwa taratibu chini ya kofia mpaka iguse chuma, huku mkono wa pili ukiwa nyuma ya mgongo wako ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Baada ya dakika chache hurudiwa tena, kwa sababu chaji hujikusanya upya. Hata hivyo, sikuandikii haya ili uyafanye mwenyewe. Mtafute fundi wa televisheni wa makamo, mmoja wa wale waliofanya kazi hiyo kabla ya flati kuingia, umlipe, nawe na kijana wako mkae pembeni mtazame. Mtahadharishe pia juu ya shingo ya kioo, ile sehemu nyembamba ya nyuma, kwani ikigongwa kidogo tu hewa huingia na kioo kinakufa.

Umeme wenyewe sasa. Fungua sehemu ya chini ya kabati uitazame transfoma. Mashine nyingi zilitengenezwa ziuzwe nchi mbalimbali, kwa hiyo transfoma zake huwa na ncha kadhaa zilizoandikwa 100, 120 na 220 au 230, na kazi ya fundi huwa ni kuhamisha waya mmoja tu. Kama ncha hizo hazipo, nunua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120, ya wati 300 au zaidi, kisha uiweke nje ya kabati ipate hewa. Mle ndani huenda mkawa na transfoma nyingine inayoutenganisha umeme wa kioo na umeme wa nyumba. Hiyo msiiondoe kwa hali yoyote, hata kama kijana ataona kwamba haifanyi kazi. Vioo vingi vya mashine hizi chuma chake kimeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, na kompyuta ikiunganishwa navyo bila transfoma hiyo, vyote viwili huungua, na anayegusa yuko hatarini.

Ongeza na stabilaiza. Sisi wa visiwani tunaujua umeme wetu. Mwaka 2008 waya wa chini ya bahari ulipoharibika Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 tukakaa tena miezi mitatu hivi. Waliokuwapo watakumbuka kwamba vyombo vingi huharibika dakika umeme unaporudi, si unapokatika. Ukikatika, zima mashine kwa swichi, na ukirudi usubiri utulie.

Mkishavuka hapo, toeni bodi muitazame kwenye ukingo wake wa kuchomekea. Ukiona vidole vya shaba 28 kila upande, jumla 56, hiyo ni JAMMA, utaratibu ulioanzishwa Japani mwaka 1985 na chama cha watengenezaji wa mashine za burudani ili bodi ya gemu moja iweze kutolewa na nyingine kuchomekwa bila kufunga nyaya upya. Vitufe vyako vitatu kwa kila mchezaji vinanifanya niamini kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu utaratibu huo uliwekewa vitufe vitatu. Mashine za kabla ya hapo, kama zile za Space Invaders ya mwaka 1978 au Pac-Man ya mwaka 1980, zilikuwa na nyaya za mpango wake wenyewe, nazo huhitaji kipande cha kuunganishia katikati.

Kama ni JAMMA, umepata faraja kubwa, kwa kuwa zipo bodi za gemu nyingi zinazochomekwa palepale pa ile ya zamani. Unachomoa moja, unachomeka nyingine, na bodi ya asili unaifunga kwenye mfuko usiopitisha unyevu na kuiweka kabatini. Ila angalia jinsi kioo kilivyolala. Bodi maarufu ya gemu 60 imejaa gemu za miaka ya mwanzo ya 1980, ambazo nyingi zilichorwa kwa kioo kilichosimama wima. Picha ya Pac-Man ina nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu, wakati Street Fighter II ya mwaka 1991 ina nukta 384 kwa upana na 224 kwa urefu. Kwa kuwa kioo chako kimelala, chagua bodi ya gemu za kulala, na zile za wima zikubali kuonekana ndogo katikati. Najua watu huwaambia mafundi wakigeuze kioo, lakini kwa mashine yenye umri huu mimi nisingekigusa.

Kijana wako anaweza kutaka kompyuta yake, na sina ugomvi naye. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, pamoja na MAME, programu inayoiga mashine za gemu za zamani, iliyoanza mwaka 1997, hucheza gemu nyingi mno, na vipo vipande vinavyoiunganisha na waya wa JAMMA. Azingatie jambo moja: kioo cha mashine hupokea picha kwa kasi ya kilohezi 15.7 hivi, ilhali kompyuta ya kawaida hutoa kilohezi 31.5, yaani mara mbili yake. Kukilazimisha kioo cha zamani kupokea kasi hiyo kunaweza kukiharibu. Kwa hiyo mipangilio yote aifanye mezani kwa kutumia kioo kingine, na asiunganishe na kabati mpaka awe na hakika kwamba tangu kompyuta inapowaka inatoa 15.7.

Kabla ya kuchomeka bodi yoyote, fundi apime umeme unaoifikia. Bodi inataka volti 5, na ile robo volti ya kupungua njiani kwenye nyaya chakavu hutosha kuifanya gemu ijizime na kujiwasha bila sababu. Ugavi wa umeme huwa na kitufe kidogo cha kuzungusha. Kizungushwe taratibu hadi kipimo kilichochukuliwa kwenye bodi yenyewe kisome 5 au juu yake kidogo sana. Vidole vya shaba vilivyofifia kwa hewa ya chumvi visuguliwe kwa kifutio cha penseli na kufutwa kwa spiriti safi, wala msitumie msasa. Ukiona betri kwenye bodi ya asili imevuja, uchafu wake hufutwa kwa siki kidogo na kufuatiwa na spiriti. Lakini muwe na subira kabla ya kuitoa: kampuni ya gemu ya Capcom, katika bodi za mfumo wa CPS-2 zilizoanza mwaka 1993, iliweka betri inayohifadhi ufunguo wa gemu, na ikitolewa bila maandalizi bodi hunyamaza.

Sasa nimjibu seremala wetu, na namjibu kwa heshima kwa sababu nusu ya kazi hii ni yake. Miguu iliyovimba si sababu ya kutupa kabati. Ubao uliovimba kwa maji ya kudeki haurudi ulivyokuwa, hilo ni kweli, lakini huvimba chini tu. Aukate ule ulioharibika kwa mstari ulionyooka, apachike kipande cha plaiwudi ya majini chenye unene uleule kwa gundi na vijiti vya mbao, alainishe kwa puti na msasa, kisha aiweke mashine juu ya miguu ya mpira ili maji yasiufikie ubao tena. Kabla ya yote hayo akague mchwa na kupaka dawa ndani, na kabati likae wazi mahali pakavu siku kadhaa hadi harufu iishe. Michoro ya ubavuni isipakwe rangi. Ipigeni picha, ipimeni, ichorwe kwenye karatasi nyembamba, kisha ioshwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Ule ukanda wa plastiki unaozunguka kingo umeingia kwenye mfereji mwembamba uliochongwa katikati ya unene wa ubao, nao hutoka kwa kuvutwa na kurudi kwa nyundo ya mpira.

Fimbo na vitufe ndiyo sehemu rahisi, na hapo mwachie kijana. Kila kitufe kina swichi ndogo chini yake inayobadilishwa kwa dakika mbili. Afahamu tu kwamba gemu kama Pac-Man zinataka fimbo ya njia nne na zile za ngumi zinataka njia nane. Fimbo nyingi zina kipande chini kinachogeuzwa ili kuchagua. Akitaka vitufe sita vya Street Fighter II, vitatu vya ziada hupita kwenye waya wao wa pembeni, lakini ubao wa vitufe wa asili asiutoboe. Seremala achonge mwingine wa kipimo hichohicho, na ule wa asili uhifadhiwe.

SWALI

Fundi, mashine yangu iliwaka vizuri miaka miwili, sasa kioo kinaonyesha mstari mmoja mweupe katikati, sauti ipo. Nimeambiwa kioo kimekufa. Je, nikitupe?

Msomaji, Bububu

JIBU

Usikitupe, bwana. Mstari huo ni dalili kwamba kioo chenyewe ni kizima, na kilichokufa ni sehemu inayoitandaza picha juu na chini. Mara nyingi ni kapasita zilizokauka, au saketi moja ndogo, au mahali palipofungwa kwa risasi pameachia. Fundi aliyetengeneza televisheni ya chogo ameuona ugonjwa huu mara nyingi. Usiiache ikiwaka hivyo ukisubiri, kwani mstari huo mkali huunguza sehemu yake ya kioo na kuacha alama isiyotoka.

SWALI

Shikamoo, Fundi. Mwanangu ana mashine ya gemu nyingi na anataka kuipeleka viwanja vya sikukuu Idd ijayo, watoto watie sarafu. Namwambia asubiri nikuulize.

Mama, Wete, Pemba

JIBU

Marahaba, mwanangu, na umefanya vyema kumzuia. Kifaa cha sarafu si tatizo, kwani vipo vinavyowekewa ndani sarafu ya mfano, ya shilingi 200 kwa mfano wetu, na kukataa zote zisizofanana nayo. Tatizo ni gemu zenyewe. Programu ya MAME hutolewa bure, lakini gemu zinazochezwa ndani yake bado ni mali ya waliozitunga, na kuwatoza watoto fedha kwa nakala zisizonunuliwa ni kuuza mali ya mtu. Kama mashine yake ilikuja na bodi ya asili iliyonunuliwa kihalali, airudishe hiyo kwa siku nne za sikukuu, gemu moja tu, atoze anachotoza. Ile ya gemu nyingi abaki nayo nyumbani na wenziwe. Na kule uwanjani asiichomeke kwenye jenereta bila stabilaiza, mlango wa nyuma aufunge kwa kufuli, na ufunguo ukae nao wewe.