Maswali ya Wasomaji: Kumfuatilia Kaa kwa Redio, kwa Sauti na kwa Hesabu

Barua za safari hii zimeelemea kwenye kaa na vifaa vya kuwafuatilia. Tumechagua nne.

SWALI: Nasoma shahada ya pili. Nataka kubandika kisambaza redio cha megahezi 433 kwenye gamba la kaa koko, niweke antena pembezoni mwa mikoko, nijue anazurura wapi usiku. Muuzaji amenihakikishia kinafika kilomita 5. Je, kitafaa? – Msomaji, Tanga

Hakitafaa, na muuzaji hajakudanganya. Hizo kilomita 5 ni za hewani. Maji ya bahari yana chumvi, chumvi inayafanya yapitishe umeme, na kitu kinachopitisha umeme hula mawimbi ya redio. Kwenye megahezi 433, sentimita 10 tu za maji ya bahari hupunguza nguvu ya wimbi kwa desibeli 57 hivi, yaani inabaki sehemu moja kati ya laki tano. Hata vifaa vya LoRa, vinavyosifika kwa kunasa mawimbi hafifu mno, vina akiba ya desibeli 150 hivi kati ya kutuma na kupokea. Kaa akiwa chini ya sentimita 30 za maji, akiba yote imekwisha kabla wimbi halijafika hewani. Kuongeza ukubwa wa betri hakusaidii: ukizidisha nguvu mara kumi unapata desibeli 10, sawa na sentimita 2 za maji.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kushuka masafa. Zile chipu ndogo za kioo wanazodungwa mifugo, urefu milimita 12, hufanya kazi kwenye kilohezi 134.2. Katika masafa hayo wimbi hupenya maji ya bahari karibu sentimita 70 kabla ya kupungua hadi thuluthi moja hivi, kwa hiyo maji na tope si kizuizi tena. Kizuizi ni chipu yenyewe: haina betri, inaamshwa na antena, na inasomeka kwa umbali wa sentimita 10 hadi 30 tu kulingana na antena uliyoifunga. Hiyo ni njia ya kujua nani ameingia shimo lipi, saa ngapi. Zungushia waya wa antena mdomo wa shimo au mlango wa dema. Usiweke chuma karibu, wavu wa waya ukiwemo, maana huvuruga antena, na umbali wa kusoma utapungua bila wewe kujua sababu.

Ya pili ni kuacha redio na kutumia sauti. Vifaa vya sauti vya kilohezi 69 ndivyo vilivyozoeleka kwa samaki na kaa. Katika maji matulivu na yenye kina, husikika kwa mita mia kadhaa. Ndani ya mikoko usitarajie hivyo: mizizi hutawanya sauti, kaa aliyejifukia topeni hasikiki, na maji yakipwa hadi kipokezi kikabaki hewani hutasikia chochote. Tena kuna kelele za kamba wanaoalisha magando usiku kucha. Funga vipokezi kwenye hori, mahali ambapo maji hayakauki hata wakati wa bamvua, na kabla ya kumwachia kaa yeyote, buruta kifaa kimoja kwa mtumbwi ukiandika kinasikika hadi wapi maji yakijaa na yakipwa. Jaribio hilo ni la siku moja, na bila hilo namba zako zote hazina maana.

SWALI: Kikundi chetu kinanenepesha kaa. Tuliwabandika alama kwa gundi juu ya gamba ili tujue nani anakua. Baadaye tukakuta magamba matupu yenye alama zetu. Tufanyeje? – Kikundi, Kilifi

Kaa hakui bila kujivua gamba. Gamba hupasuka upande wa nyuma, anatoka kinyumenyume, na chochote kilichoshikamana na ganda la nje kinabaki huko. Hata utando wa ndani ya tumbo lake hubadilishwa. Gundi ya epoksi inafaa kwa kaa mkubwa ambaye hatajivua karibuni, basi. Ukiitumia, kausha na ukwangue katikati ya gamba kwa msasa, na usivuke ukingo wa nyuma: ukifunga mahali pa kupasukia, kaa hufia ndani ya gamba lake.

Mtazame kwanza. Nyoosha mguu wa mwisho, ule bapa wa kuogelea, uuelekeze kwenye mwanga. Ukiona ukingo wa pili ukifuata ule wa nje kwa ndani, ganda jipya linaundwa. Huyo mwache, na mtenge na wenzake, kwa sababu akitoka laini wataanza naye.

Kwa alama inayodumu, dunga chipu ya kioo kwenye msuli ulio kwenye shina la mguu wa kuogelea, upande wa mwilini. Watu hukosea hapa. Kaa akibanwa hujikata mguu mwenyewe kwenye kiungo maalumu karibu na mwili, na chipu iliyodungwa nje ya kiungo hicho huondoka na mguu. Mfunge magando, mpoze kwa maji ya bahari yenye barafu hadi alegee, safisha sindano kwa spiriti kila kaa, na msome kwa mashine kabla ya kumrudisha. Kisha weka alama ya kuonekana kwa macho pia. Kaa huyu ni chakula, na chipu ni kioo: mnunuzi lazima ajue aitoe.

SWALI: Kwa miezi mitatu nimehesabu kaa wadogo wenye gando moja kubwa ndani ya mraba wa mita moja, kila siku saa 2 asubuhi. Nimechambua kwa mbinu ya Fourier, inayotafuta mizunguko iliyojificha ndani ya namba, nikapata kilele kimoja kikubwa cha siku 14.8. Je, nimeonyesha kwamba kaa wana saa ya mwezi mwilini? – Mwanafunzi, Zanzibar

Bado. Umeonyesha kwamba unakwenda ufukweni saa 2 kila siku.

Maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12.42. Ndani ya saa 24 inapita mizunguko 1.932, si miwili kamili. Kila asubuhi, basi, unaikuta bahari imechelewa kidogo kuliko jana. Leo saa 2 maji yamepwa na kaa wako nje wanapunga magando. Baada ya wiki moja na ushei, saa 2 maji yamejaa, mashimo yamefunikwa, unaandika sifuri. Kuchelewa huko hukamilisha duara kwa siku 14.77, na ndicho kilele chako. Kingetokea hata kama ungehesabu mawe yanayofunikwa na maji.

Ubaya zaidi ni kwamba bamvua na maji mafu nayo hufuatana kwa siku 14.77 hizohizo. Kwa hiyo hata kama kaa wana mwenendo wa kweli wa nusu mwezi, takwimu zako haziwezi kuutenganisha na kivuli cha ratiba yako. Hakuna programu itakayokuokoa. Taarifa hiyo haikukusanywa.

Anza upya hivi. Funga kamera juu ya mlingoti, ipige picha kila dakika 10, na iwe na taa nyekundu hafifu usiku. Kanuni inataka angalau vipimo viwili kwa kila mzunguko, yaani kimoja kila saa 6 hivi, lakini kwa saa 6 hutaona kaa wanatoka dakika ngapi baada ya maji kuondoka. Endelea kwa siku 30 bila kuhama. Kutenganisha mzunguko wa saa 12.00 na ule wa 12.42 kunahitaji takriban siku 15. Kutenganisha siku ya jua ya saa 24 na ya mwezi ya saa 24.84 kunahitaji siku 29.5. Ukikomea siku 20, hivyo viwili vitaonekana kilele kimoja kinene.

Kabla ya kuchambua, ondoa wastani. Picha zilizoharibika kwa mvua usizijaze sifuri, kwa kuwa sifuri ni hesabu ya kaa. Tumia mbinu ya Lomb na Scargle, inayotafuta mizunguko kama ya Fourier lakini inakubali mapengo.

Na saa ya mwilini huthibitishwa maabara tu: mwanga usiobadilika, joto lilelile, hakuna maji yanayojaa. Mwanabiolojia Frank Brown na wenzake walifanya hivyo Marekani, wakachapisha 1953 kwamba rangi ya kaa wa jamii hii iliendelea kubadilika kwa kufuata siku na maji ingawa bahari haikuwepo.

SWALI: Nina kaa 30 wenye vifaa vya sauti na kipokezi kimoja. Mbona nasikia ujumbe mchache kuliko nilipokuwa na 10? – Msomaji, Mombasa

Wanakatizana. Tuseme ujumbe mmoja ni sekunde 4 na kila kifaa hutuma kwa wastani kila sekunde 120, kwa nasibu. Ujumbe hupona tu iwapo hakuna mwingine ulioanza ndani ya sekunde 4 kabla au baada yake. Kwa kaa 10 hupona asilimia 55. Kwa 30, asilimia 14 tu. Ni hesabu ileile ya mtandao wa redio wa ALOHA, uliowashwa Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971. Agiza vifaa vyenye wastani wa sekunde 300 na zaidi: kwa kaa 10 utapanda hadi asilimia 79, na betri itadumu. Usikubali vinavyotuma kwa vipindi visivyobadilika, maana viwili vikigongana mara moja vitaendelea kugongana.

Ukisikia kifaa kimoja kinalia mahali palepale kwa wiki nzima, mchana na usiku, usiandike kwamba kaa ametulia. Nenda na ndoo ukatafute gamba tupu. Na jike akinyamaza ghafla baada ya kuelekea mdomo wa hori, usimhesabu amekufa: majike wa kaa koko huenda bahari kuu kutaga.