Nanunua kwa lumbesa na kuuza kwa kilo: je, sadaka yangu inapokelewa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri mkoani Njombe. Kazi yangu ni kununua viazi vijijini na kupeleka Dar es Salaam. Huku tunanunua kwa gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, ambalo ukilipima linafika kilo 130 hadi 140, na mjini nauza kwa kilo. Wanunuzi wote wanafanya hivyo, na mkulima mwenyewe anakubali bei. Fungu la kumi natoa, ahadi ya jengo nimemaliza. Juzi kwenye jumuiya mkulima mmoja aliyewahi kuniuzia alisema mbele ya watu kwamba bahasha yangu imejaa viazi vyake. Tangu hapo sina raha. Je, ni dhambi ikiwa tulipatana? Sadaka nilizokwisha kutoa zihesabiweje? Na je, nijiuzulu uzee?

JIBU: Amina, mzee wangu. Nianze na hilo la kupatana, maana ndilo wengi katika biashara hii hujifunika nalo.

Mlipatana bei ya gunia. Uzito hamkupatana, kwa kuwa ni mmoja tu kati yenu aliyeujua. Mkulima amesimama kando ya shamba, viazi vimeshachimbwa na vikikaa juani vitageuka kijani, deni la mbolea linamngoja. Kijana wako anapandisha kamba juu ya mdomo wa gunia, anapanga viazi kimoja kimoja mpaka kofia inasimama, ndipo anashona. Mwenye shamba akisema "basi, inatosha", anaambiwa gari litakwenda kwa jirani. Huko ndiko kukubali kwake. Ukihesabu gunia halali kuwa kilo 100, katika magunia kumi umeondoka na kilo 300 au 400 za ziada ambazo hazikutajwa na mtu yeyote.

Kumbukumbu la Torati 25:13-14 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Wengi husoma hapo wakafikiri habari ni ya mizani mibovu. Soma tena: ni habari ya mtu mmoja mwenye jiwe la kununulia na jiwe la kuuzia. Wewe umeandika kwa mkono wako, kijijini lumbesa, mjini kilo. Mizani unayo na kuitumia unajua, ila huitoi mpaka ufike Dar es Salaam. Wale wafanyabiashara wa Amosi 8:5 nao waliishika sabato; hawakufungua maghala siku ya ibada. Walikuwa wakihesabu saa ziishe warudi kupunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha. Na aliyewakemea alikuwa mtu wa mifugo na mikuyu kutoka Tekoa, aliyeyajua maisha ya shamba.

Ulifundishwa haya ulipokuwa mwanafunzi wa kipaimara. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Luther akieleza amri ya saba, "Usiibe" kwa hesabu yetu Walutheri, haishii kwenye kuchukua fedha ya jirani. Anataja bidhaa na biashara ya hila, kisha anatudai tumsaidie jirani mali yake na riziki yake zistawi. Kwa hiyo amri ya saba inakuuliza jambo gumu kuliko "umeiba?" Inakuuliza kama mkulima aliyekuuzia mwaka huu ataweza kupanda tena mwakani bila kukopa.

Sheria ya nchi nayo unaijua. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Sitaki lakini uache lumbesa kwa kumwogopa afisa wa vipimo barabarani, maana woga huo huisha gari likishapita kizuizi.

Najua utasema: nikinunua kilo 100 kwa bei ileile ya lumbesa, wenzangu watanimaliza msimu mmoja. Hilo ni kweli, na mchungaji asiyewahi kulipa nauli ya lori asilidharau. Ila hakuna aliyekudai bei ileile. Peleka mizani shambani, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na utaje bei kwa kilo. Ikitoka chini ya matarajio ya mkulima, mwambie ni kwa nini: mafuta, ushuru, vinavyooza njiani. Bei ndogo iliyo wazi anaweza kuikataa. Kofia ya gunia haina mlango wa kukataa. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa (Luka 3:13).

Sasa sadaka. Fungua Walawi 6:1-5. Mtu aliyemdhulumu mwenzake arudishe kilekile, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe. Kondoo wa madhabahuni anatajwa baada ya hapo. Zakayo naye alianza na maskini na wale aliowanyang'anya; hatusomi kwamba alipeleka kitu hekaluni siku ile. Sisemi Mungu amezikataa ibada zako zote, hukumu hiyo si yangu. Nasema kuna fedha iliyopita kwenye bahasha yako ambayo mwenye kuitoa hasa alikuwa mtu mwingine, naye hakuulizwa.

Chukua daftari lako la manunuzi. Unaowakumbuka, nenda kwao mmoja mmoja. Usioweza kuwapata, toa kiasi hicho kwa wahitaji wa vijiji vilevile ulikonunua, usilete kwenye jengo. Mhazini wa usharika wako hatanipenda kwa neno hili, lakini ukileta kanisani utakuwa umewalipa wasiokudai.

Na kanisa lisijitoe. Tunasoma majina ya waliomaliza ahadi, tunawapigia makofi, na kwenye mnada wa mavuno tunafurahi mnunuzi anapopandisha bei ya mkungu wa ndizi mara tatu. Ni lini baraza la wazee liliuliza fedha hiyo imepatikanaje? Nimekaa kwenye vikao vingi vya fedha, swali hilo silisikii.

Kuhusu uzee, usikimbilie kujiuzulu. Barua ya kujiuzulu inaweza kuwa njia nzuri ya kuondoka bila kumlipa mtu. Nenda kwa mchungaji wako, mweleze kama ulivyonieleza, na ukubali atakalosema, hata akikuambia ukae pembeni usishike kapu la sadaka mpaka umalize kurudisha. Paulo anataka watumishi wasiwe watu wa kutamani fedha ya aibu (1 Timotheo 3:8), na waumini wanakuangalia.

Yule mkulima wa jumuiya umwendee kwanza. Alikosea kukusema mbele ya watu kabla ya kukuona faraghani, Mathayo 18:15 iko wazi, lakini hilo asilisikie kutoka kwako siku hiyo. Usiende na sukari na kitenge cha mama nyumbani. Nenda na daftari, mhesabu pamoja magunia aliyokuuzia, kilo zilizozidi na bei ya kilo kwa msimu ule. Mtakapofika kwenye jumla, mwachie yeye aseme kama ni sawa.