Konekta salama za kuungia nyaya za soketi
Ndugu yangu wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, umeuliza kama nyaya za soketi zinaweza kusokotwa na kufungwa kwa tepu tu. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu kiungo kilicholegea huongeza ukinzani (hali ya kuzuia umeme kupita), hupata joto, na hatimaye huweza kuwasha hata dari. Tumia konekta za skrubu, yaani viunganishi vinavyobana nyaya kwa skrubu, zinazokubali waya wa milimita 2.5 za mraba, zenye kiwango cha ampea kisichopungua kile cha sakiti breka (swichi inayokata umeme ukizidi) inayoulinda waya huo. Nyaya za shaba na za alumini zisigusane kabisa, hasa katika unyevunyevu wa huko ziwani. Kiungo kikae ndani ya boksi lenye kifuniko. Zima meni swichi, uhakikishe kwa testa kuwa umeme umekatika, na ukisita, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania.