Jibu: Kangaja wa buluu atengwe kwanza

Ndugu, umeuliza kama kangaja wa buluu, yaani samaki wa baharini Acanthurus leucosternon, atiwe moja kwa moja kwenye tangi kuu, kwa kuwa unahofia kwamba tangi dogo la karantini litamdhoofisha zaidi. Hofu yako ina msingi, lakini ningemtenga, kwa sababu samaki huyu hushambuliwa upesi mno na kimelea Cryptocaryon irritans, na dawa ya shaba inayokiua haiwezi kutumika kwenye tangi lenye matumbawe, kamba na konokono bila kuwaangamiza nao.

Kwa maoni yangu, wengi wanaofia karantini huuawa na amonia na njaa, si kutengwa kwenyewe. Weka sponji ya kichujio kwenye tangi kuu wiki kadhaa kabla ya samaki kufika, ili bakteria wanaoondoa amonia waote ndani yake, kisha uihamishie kwenye tangi la karantini. Vipande vya bomba la plastiki vinatosha kuwa maficho. Mawe ya matumbawe usiyaweke, kwani hufyonza shaba na kuvuruga kipimo. Mwache kwanza azoee kula mwani mkavu, ndipo upandishe dawa polepole kwa siku kadhaa, ukiipima kila siku.

Unapomhamisha, tumia chombo cha plastiki badala ya wavu, maana mwiba mkali ulio kwenye shina la mkia wake hunasa nyuzi, na vidole pia.