Barafuto ya Teteven

Je, Barafuto ya Teteven, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, imepewa jina la Mfaransa au nahodha fulani? Hapana, hakuna Mfaransa wala nahodha aliyeitwa Teteven. Teteven ni mji mdogo wa Bulgaria, uko kwenye bonde la mto Vit, umebanwa na milima ya Balkan pande zote. Barafuto yenyewe iko mbali kabisa, kisiwa cha Greenwich, visiwa vya Shetland Kusini, Antaktika. Wabulgaria wana kituo chao kisiwa jirani cha Livingston tangu 1988, na tume yao ya majina, iliyoundwa 1994, imebandika majina ya miji na vijiji vya kwao huko mpaka unachoka kuhesabu. Ila usichanganye: jina halimaanishi umiliki, maana Bulgaria haidai hata shubiri ya ardhi Antaktika.